Namna ya kunasa migongano katika vitabu vya Oz: mwongozo kwa anayeanza

Wasomaji wa vitabu vya watoto kuhusu Oz, nchi ya kubuni ya kichawi, huuliza maswali yale yale kila mara. Jiji la Zumaridi, mji mkuu wa Oz, ni kijani kweli au ni miwani ya kijani tu wanayovalishwa wanaoingia? Watu wa Oz wanakufa au hawafi? Toto, mbwa wa Dorothy, msichana wa Kansas anayefika Oz, anasema au hasemi? Na anayeuliza huwa ameshatoa hukumu: L. Frank Baum, mwandishi wa vitabu hivyo, alisahau alichoandika.

Kusahau alisahau, tena sana. Lakini mengi ninayoletewa na wanaoanza si makosa. Ni uongo wa mhusika, ni picha ya mchoraji, au ni filamu ya 1939, The Wizard of Oz, iliyojipenyeza kichwani mwa msomaji. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kutenganisha hayo na mgongano wa kweli, yaani mahali ambapo vitabu viwili, au sura mbili, haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Unachohitaji

Kwanza, vitabu vyote 14 vya Baum, vikiwa kamili. Hakimiliki yake imekwisha Marekani, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanavitoa bure. Chukua maandishi ya kidijitali hata kama una kitabu cha karatasi mkononi, kwa sababu utahitaji kutafuta neno moja ndani ya vitabu vyote. Epuka matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto. Humo sentensi unayoitafuta ndiyo aghalabu imekatwa.

Pili, mpangilio wa miaka. Uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: The Wonderful Wizard of Oz (1900), The Marvelous Land of Oz (1904), Ozma of Oz (1907), Dorothy and the Wizard in Oz (1908), The Road to Oz (1909), The Emerald City of Oz (1910), The Patchwork Girl of Oz (1913), Tik-Tok of Oz (1914), The Scarecrow of Oz (1915), Rinkitink in Oz (1916), The Lost Princess of Oz (1917), The Tin Woodman of Oz (1918), The Magic of Oz (1919) na Glinda of Oz (1920). Baum alifariki Mei 1919, kwa hiyo cha mwisho kilitoka mwenyewe akiwa kaburini.

Tatu, daftari lenyewe, au faili la kompyuta ukipenda. Basi. Huhitaji kusoma nadharia yoyote ya fasihi.

Hatua kwa hatua

1. Weka mipaka kabla ya kufungua kitabu.

Amua unachunguza nini. Mimi nakushauri uanze na vitabu 14 vya Baum peke yake. Baada yake Ruth Plumly Thompson aliendeleza mfululizo kuanzia 1921, na kitabu chake cha kwanza kilitoka na jina la Baum kwenye jalada. Ukikichanganya na vya Baum, utamtwika marehemu mizigo isiyo yake.

Filamu iache nje kabisa. Viatu vya Dorothy kitabuni ni vya fedha. Vyekundu vya rubi ni vya filamu ya 1939. Anayekuja mbio kusema "viatu vimebadilika rangi" hajanasa kitu.

2. Soma kwa mpangilio wa kutoka, na mara ya kwanza soma kama msomaji.

Usiwinde. Ukianza kuwinda ukurasa wa kwanza utaandika kila kitu na hutajua kipi kina uzito. Pale tu unapojisikia "mbona...?" weka alama ndogo pembeni na uendelee. Hiyo "mbona" ya kwanza ina thamani, maana ukishazoea Oz haitakujia tena.

3. Panga daftari kwa jambo, si kwa kitabu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafungua ukurasa wa kila kitabu na kuandika muhtasari, halafu wanashangaa hawaoni mgongano. Huwezi kuuona, kwa sababu umeweka pande zake mbili katika kurasa tofauti. Toa ukurasa mmoja kwa kila jambo linalorudi rudi. Anza na haya saba:

kifo na uzee, fedha, jangwa linaloizunguka Oz, rangi za nchi na za Jiji la Zumaridi, wanyama wanaosema, nani alitawala kabla ya Ozma (binti anayekuwa malkia wa Oz), nani yuko wapi, hai au amekufa.

Mengine yatajiongeza yenyewe.

4. Nakili sentensi nzima kama ilivyo, na uandike nani anasema.

Kila ingizo liwe na vitu vinne: sentensi katika Kiingereza chake, kitabu na mwaka, sura, na msemaji. Maelezo yako andika kwa Kiswahili, lakini sentensi usiiguse. Ukiandika kwa kumbukumbu ("kule mwanzo walisema hakuna pesa") ingizo hilo halina faida. Utakaporudi kulitazama utakuta unabishana na kumbukumbu yako, si na Baum.

Msemaji ndiye kiini cha kazi yote. Gawa wasemaji mafungu mawili: msimulizi, na mhusika. Msimulizi akisema jambo, hilo ni la kitabu. Mhusika akisema, huenda anadanganya, anakisia, au anarudia alichosikia. Wizard mwenyewe, mzee aliyefika Oz kwa puto na kutawala Jiji la Zumaridi akijifanya mchawi, ni mwongo wa kujikiri. Ukimpata akijikanusha hujapata kosa, umepata tabia yake.

5. Tafuta neno lile lile katika vitabu vyote.

Ukishapata upande mmoja, usisubiri upande wa pili ukujie. Fungua maandishi ya kidijitali, tafuta neno. Kwa fedha, tafuta "money" na "pennies". Utakuta katika kitabu cha 1900, ndani ya Jiji la Zumaridi, watoto wananunua sharubati ya kijani kwa senti za kijani, na anayesema hayo ni msimulizi. Mwaka 1909 Tin Woodman, yule mkata kuni wa bati, anashangaa mtu kutaja pesa, na kudai kwamba pesa haijulikani kabisa katika Oz. Mwaka 1910 msimulizi anaunga mkono: pesa hakuna.

Utakutana pia na Scarecrow, yule mtu wa majani, katika kitabu cha 1904 akijazwa noti za dola badala ya majani. Usikurupuke. Noti hizo zimetoka katika kiota cha kunguru wezi kilichoko nje ya Oz, na haziwezi kuthibitisha lolote kuhusu uchumi wa ndani.

6. Weka pande mbili karibu, kisha uzipitishe kwenye maswali manne.

Swali la kwanza: nani anasema? Hili tumeshalitaja.

Swali la pili: je, muda umepita? Kati ya senti za 1900 na tamko la 1910, Ozma ameshika kiti. Mtawala mpya anaweza kufuta pesa. Hilo lingekuwa badiliko, si mgongano. Kinacholiharibu badiliko hilo ni yule Tin Woodman anayesema pesa haijulikani. Yeye alikuwa ndani ya jiji lile na Dorothy, siku zile zile za sharubati.

Swali la tatu: je, mwandishi ameshajibu mahali pengine? Hapa wanaoanza huumbuka. Kitabu cha kwanza kinasema Oz nzima ina wachawi wanne tu. Cha pili kinafunguka na mwanamke anayeitwa Mombi, kaskazini, akifanya uchawi. Mgongano? Soma sura ya kwanza polepole. Msimulizi anaeleza kwamba Mombi hakuwa mchawi kamili, kwa sababu mchawi mwema anayetawala upande ule alipiga marufuku mchawi mwingine katika himaya yake, hivyo Mombi alilazimika kubaki na cheo cha chini. Baum aliona tundu akaliziba kabla hujafika.

Swali la nne: ni maneno au ni picha? W. W. Denslow alimchora Dorothy na nywele nyeusi zilizosukwa, John R. Neill, aliyechora kuanzia 1904, akampa nywele za dhahabu. Hapo waliogongana ni wachoraji. Ukitaka kulihesabu, lipe ukurasa wake mbali na mengine.

7. Toa daraja.

Mimi natumia madaraja matatu. "Mgongano" ni pande mbili zisizopatana, na hakuna maelezo popote. "Kiraka" ni pale kitabu cha baadaye kinapokiri tofauti na kuieleza, hata kama maelezo ni dhaifu. "Shaka" ni pale upande mmoja unategemea neno la mhusika asiyeaminika au asiyekuwepo. Usiogope kujaza daraja la shaka. Daftari lenye migongano mitupu huwa la mtu asiyesoma kwa makini.

8. Tafuta sababu, kama ipo.

Hatua hii si ya lazima, lakini ndiyo tamu. Baum aliandika kila kitabu karibu kama ndicho cha mwisho. Mwaka 1910 aliifunga Oz kabisa: Glinda, mchawi mwema, akaifanya isionekane na ulimwengu wa nje. Mwaka uliofuata alifilisika, na 1913 Oz ikafunguliwa tena, habari zikitufikia kwa telegrafu isiyo na waya. Mtu anayefunga duka hapangi hesabu za mwaka unaofuata. Ukijua hivyo, utakuwa makini zaidi na vitabu vya 1913 na kuendelea, maana viliandikwa juu ya mlango uliokuwa umepigiliwa misumari.

Mifano ya kujizoeza

Kabla hujasoma hukumu yangu, jaribu kutoa yako.

Toto. Mwaka 1900 habweki neno la kibinadamu. Baadaye Billina, kuku wa Ozma of Oz, anasema, na Eureka, paka wa kitabu cha 1908, anasema. Toto kimya. Mwishoni mwa Tik-Tok of Oz ndipo anapofunua mdomo, na inaelezwa kwamba siku zote aliweza, ila hakupenda. Hicho ni kiraka. Mimi nakipenda, maana ni jibu la mbwa kabisa.

Jangwa. Mwaka 1909 kuna bango linaloonya kwamba mchanga wake hugeuza nyama hai kuwa vumbi papo hapo. Sasa rudi 1904: Mombi anajigeuza griffini, mnyama wa hadithi, na kukimbilia jangwani. Glinda anamfuata juu ya Saw-Horse, farasi wa mbao, mpaka griffini anaanguka mchangani kwa uchovu. Mtetezi atasema Saw-Horse ni mbao, hana nyama. Sawa, namkubalia. Griffini je? Huyo ni nyama, tena miguu minne mchangani, na alichopata ni uchovu tu. Mgongano.

Mtengenezaji wa unga wa uhai. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1904 Mombi ana unga wa kichawi unaohuisha vitu, aliobadilishana na mchawi mmoja mwenye viungo vilivyopinda. Mwaka 1909 tunaambiwa mchawi huyo alianguka gengeni akafa, na mali yake ikaenda kwa jamaa yake Dyna, anayeishi katika Jiji la Zumaridi. Mwaka 1913 tunabisha hodi nyumbani kwa Dr. Pipt, aliyepinda viungo vile vile, aliyempa Mombi unga ule ule, naye yuko hai anakoroga masufuria manne kwa mikono na miguu, kazi inayomchukua miaka sita. Urithi umeshagawiwa, marehemu yuko jikoni! Habari za 1909 zinatoka mdomoni mwa mhusika, kwa hiyo mkali wa kanuni ataandika "shaka". Mimi naandika "mgongano", kwa sababu hakuna anayeshtuka kumwona.

Mchumba wa Tin Woodman. Sura ya 5 ya kitabu cha 1900: msichana anaishi na bibi kizee mvivu, ambaye anamwendea mchawi mbaya wa mashariki na kumwahidi kondoo wawili na ng'ombe mmoja ili azuie ndoa. Kitabu cha 1918: msichana sasa ana jina, Nimmie Amee, na ni mtumishi wa mchawi mwenyewe. Bibi kizee ametoweka, kondoo na ng'ombe pia. Simulizi zote mbili zinatoka kwa Tin Woodman, akieleza maisha yake mwenyewe, na si mtu wa kudanganya. Mgongano.

Asili ya Ozma. Jipe muda hapa. Mwaka 1904 tunaambiwa Wizard alichukua kiti cha mfalme Pastoria na kumpeleka binti mchanga kwa Mombi amfiche. Ushahidi wake ni mzito: Mombi anakiri mbele ya Glinda, mwenye lulu nyeupe inayogeuka nyeusi panaposemwa uongo. Mwaka 1908 Wizard anarudi, sasa ni mzee anayependwa na wote, na lawama zote zinahamia kwa Mombi, aliyewaiba babu na baba wa Ozma. Kufikia 1918 na 1920 Ozma ni kichimbakazi wa kundi la malkia Lurline, aliyeachwa aitawale Oz. Simulizi tatu kwa msichana mmoja. Usihangaike kuzipatanisha. Andika zote, kila moja na mwaka wake. Ya 1908 sababu yake inaonekana wazi: Baum alitaka kumrudisha Wizard, na asingeweza kumkalisha meza moja na mtoto aliyemwuza.

Ukurasa wa kifo na uzee umeachiwa wewe. Nakupa sehemu tatu za kuanzia: wazazi wa Tin Woodman (1900), kanuni ya kufa kwa ajali tu (1910), na uchawi wa Lurline ambao tangu siku ile watoto hubaki watoto (1918). Ukifika hapo, mkumbuke tena Ozma aliyekuwa mchanga.

Makosa yanayorudiwa

Kuhesabu ukimya kama mgongano. Kitabu cha 1900 hakimtaji Tin Woodman kwa jina. Cha 1904 kinamwita Nick Chopper. Kutotaja si kukanusha.

Kuamini ramani. Ramani ya Oz iliyochapishwa katika Tik-Tok of Oz, 1914, inawaweka Munchkin, mojawapo ya jamii za watu wa Oz, upande wa kushoto, ingawa vitabu vinasema wanaishi mashariki. Chunguza maneno kwanza, ramani baadaye.

Kutangaza mapema. Mtu akikuletea sentensi moja tu, mwulize ya pili iko wapi.

Ukikwama

Natafuta neno na silipati. Angalia tahajia na jina. Kitabuni ni "Tin Woodman", na viatu ni "Silver Shoes". Saw-Horse jaribu na kistari na bila kistari.

Sentensi niliyonayo haipo kwenye nakala ya mwenzangu. Mmoja wenu ana toleo lililofupishwa. Linganisheni idadi ya sura. The Wonderful Wizard of Oz kamili ina sura 24.

Rinkitink in Oz hakifanani na vingine, Oz yenyewe haionekani mpaka karibu na mwisho. Ni kweli. Baum aliandika hadithi hiyo 1905 kama hadithi ya kujitegemea, na alipoichapisha 1916 akaiunganisha na Oz mwishoni. Soma ukitafuta kiungio, utakiona.

Jiji la Zumaridi sijui niliweke daraja gani. Katika kitabu cha kwanza ushahidi ni wa pande mbili: Wizard anakiri ni miwani, na msimulizi anaonyesha gauni la Dorothy likiwa jeupe mara tu anapotoka mjini. Mwaka 1904 miwani bado inavalishwa langoni. Vitabu vya baadaye watu wanaingia na kutoka macho matupu, na jiji ni kijani vile vile. Kama utapata sentensi inayoeleza lini miwani iliondolewa na kwa nini, andika kiraka. Mpaka uipate, ni mgongano.

Kila ukurasa naona kosa. Funga daftari, soma kitabu kimoja kizima kwa raha, The Patchwork Girl of Oz kwa mfano, kisha urudi hatua ya 6 na uanze kufuta.